Kigingi Kwenye Bakuli la Chumvi

Jumatatu, 5 Mei

Nimeteuliwa! Nitajaribu kuandika kwa utulivu.

Leo Mhandisi Hope amekuja kwenye klabu yetu ya mazingira, amevaa buti na kofia ngumu, ingawa darasani hakuna cha kumwangukia. Amesema mtaa wetu hapa Tandale unaingizwa kwenye mtandao wa majitaka. Mabomba membamba yatapita vichochoroni hadi kwenye mtambo mdogo wa kusafishia kule bondeni. Jumapili kuna mkutano wa wakazi. Mradi una kanuni zake, na kabla ya lolote lazima wakazi wasomewe maana ya maneno yaliyomo, ili mtu asije akasema hakuelewa.

Wasomaji wawili. Mwalimu Revelian hakusita. Mie sehemu ya kwanza, Ukusanyaji. Duaa sehemu ya pili, Usafishaji.

Duaa, bila shaka. Nyumba yao iko kona ya juu ya kichochoro chetu, na mbele yake babu yake, Mzee Mohamedraza, ana duka la mabomba na masinki. Yeye wa kwanza darasani, mie wa pili. Si kwamba ninafuatilia. Kilichoniuma ni mgawanyo. Sehemu yake ina bakteria. Yangu inaanza na mfuniko.

Jioni nimemsomea Bibi Tabu mazoezi. Majitaka ni maji yaliyokwisha kutumika chooni, bafuni na jikoni. Chemba ya ukaguzi ni shimo lililojengwa juu ya bomba, lenye mfuniko unaobana, ili fundi aweze kukagua na kuzibua. Bibi akasikiliza huku anasuka ukili wake wa mkeka. Akauliza ina maana watu wazima walikaa mezani, wakaletewa chai, wakakubaliana mfuniko ni nini? Nikasema ndiyo. Akasema kazi za ofisini nzuri.

Sasa jambo la chumvi. Sijawahi kuliandika popote.

Choo chetu ni shimo la nyuma ya nyumba. Masika yakifika linajaa, maji yanapanda, hakuingiliki. Mie na Mama tunajua pa kujisitiri, Mama kazini kwake Kigamboni, mie shuleni. Bibi ana magoti mabovu. Basi anavaa buibui, anachukua bakuli, anasema anakwenda kwa kina Duaa kuomba chumvi. Anapita mbele ya baraza la Mzee Fakihi, mjumbe wetu, wanasalimiana vizuri kabisa. Baada ya muda anarudi na chumvi. Tuna chumvi kwenye kopo. Tuna chumvi kwenye chupa ya chai iliyovunjika kizibo. Tuna chumvi kwenye chombo cha maua juu ya kabati. Hakuna anayesema kitu.

Tukiunganishwa, Mama ameahidi choo cha ndani, cha kukalia. Stoo imeshaondolewa vitu. Bibi ameniuliza swali moja tu, kama mlango utakuwa na komeo kwa ndani. Nikasema utakuwa nalo. Akarudi kwenye ukili wake, akausuka huku anatabasamu peke yake.

Jumanne, 6 Mei

Wapima wamekuja na kile chombo chao cha miguu mitatu. Wamechomeka vigingi vyenye vichwa vyekundu. Kila kigingi, chemba moja.

Kimoja kiko mbele ya mlango wetu! Hatua mbili kutoka kizingitini, pale pale Bibi anapotandika mkeka wake.

Duaa alikuwepo. Akanipa mkono wa pongezi. Akaniita Malkia wa Chemba. Nikacheka sana, kwa sababu mtu mstaarabu hucheka. Kisha nikaingia ndani nikakaa juu ya ndoo nikafikiri.

Uchafu wa kichochoro kizima utapita chini ya miguu yangu. Mafundi watakuja kuufunulia mlangoni kwangu. Nitafika kidato cha nne naitwa Malkia wa Chemba. Halafu kuna mkeka wa Bibi. Ninaandika wazi kwamba kikubwa zaidi ni mkeka wa Bibi.

Lazima lifanyike jambo.

Jumatano, 7 Mei

Limefanyika. Nina furaha isiyo ya kawaida.

Mpango ulikuwa rahisi. Kigingi kihame, kiende kwa Duaa. Tatizo ni macho, maana kichochoro chetu hakilali. Nikajiuliza ni nani hupita pale na kitu mkononi bila kuulizwa. Jibu likaja lenyewe. Bibi, na bakuli!

Bibi alikuwa amelala baada ya Alasiri. Nikavaa buibui lake, nikavuta ushungi hadi puani, nikavaa kandambili zake. Kigingi nikakilaza kwenye bakuli, nikakifunika kitambaa. Kikachomoza kidogo. Nikatembea kama mwenye magoti.

Mzee Fakihi alikuwa barazani na kikombe chake cha kahawa. Akanitazama kuanzia kichwani hadi chini. Chini macho yake yalikaa kidogo. Kisha akasema, kwa heshima zote, shikamoo Bibi Tabu.

Mjumbe! Mwenye wajukuu! Nilikuwa na nafasi ndogo sana ya kufikiri. Nikajibu marahaba, kwa sauti ya kooni. Akapaliwa na kahawa, maskini, akakohoa mpaka nikakata kona.

Mzee Mohamedraza alikuwa ndani anaswali. Nikakichomeka mbele ya ngazi ya duka, kwenye tope jekundu la koki yao inayovuja, nikakigonga kwa jiwe mpaka kikasimama. Nilipogeuka, bibi yake Duaa, Bibi Gulbahar, alikuwa dirishani. Hakuuliza. Alinyoosha mkono, akanitilia chumvi kwenye bakuli, akarudi ndani.

Bibi alipoamka aliuliza chumvi hii imetoka wapi. Nikasema ipo tu.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwisha.

Leo nimesoma ukurasa wa pili wa maneno yangu. Najua ningeusoma Jumatatu. Wa kwanza ulinichosha na mifuniko.

Muungo wa nyumba ni bomba linalotoka nyumbani hadi kwenye chemba. Sawa. Awamu ya kwanza ni nyumba zote zilizo ndani ya mita kumi kutoka kwenye chemba. Sawa. Nyumba nyingine zitasubiri awamu ya pili. Tarehe ya awamu ya pili haipo. Nilitafuta mpaka nyuma ya karatasi.

Nimepima kwa kamba ya kuanikia nguo, mita kumi kamili. Kutoka mlangoni kwetu hadi kigingi kilipo sasa, kamba iliisha nikiwa bado karibu na kwa Mzee Fakihi.

Nimeondoa choo cha Bibi. Nimekibeba mwenyewe kwenye bakuli.

Nikamuuliza Duaa kwa ujanja, kama mtu asiyejali, kama kwao wamefurahi kuingia awamu ya kwanza. Akasema wao walikuwa ndani tangu mwanzo, wana chemba yao upande wa barabarani. Hii ya mbele ya duka imewajia kama zawadi tu, babu yake amekosa usingizi kwa furaha.

Bibi amenunua kitambaa cha maua Tandale sokoni. Anashona pazia la kidirisha cha choo. Nimeshindwa kula. Nilikula sahani mbili tu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda kukirudisha. Haiwezekani.

Mzee Mohamedraza ameweka kiti cha plastiki kando ya kigingi na ameketi. Amekifuta vumbi kwa kitambaa. Kila mteja anaonyeshwa. Anasema kwa mwenye duka la mabomba, chemba mlangoni ni tangazo la bure, mtu anakuja kuitazama anaondoka na koki.

Nikamsalimia, nikakaa, nikamwambia kwa upole kwamba nina wasiwasi na afya yake, chemba hutoa harufu. Akanijibu neno kwa neno kwamba chemba ina mfuniko unaobana, ili fundi aweze kukagua na kuzibua. Amefundishwa na Duaa. Duaa anasoma mpaka sehemu yangu! Halafu akasema hata kama ingenuka, harufu ya mabomba ndiyo iliyowasomesha watoto wake wote.

Nikasubiri aende kuswali. Akaenda. Akamweka Duaa kwenye kiti.

Duaa akaniuliza tangu lini nimeyapenda mapafu ya babu yake. Nikaondoka kwa heshima.

Bibi amepita na bakuli asubuhi na jioni. Mvua imeanza. Jioni alirudi buibui limelowa mpaka magotini. Akasema chumvi ya leo ni nzuri.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepata dawa! Kama kigingi hakirudi, kizaliwe kingine.

Nimekata mpini wa fagio la zamani, nimechonga ncha, kichwa nimepaka rangi ya kucha ya Mama. Nyekundu iliyoiva, nzuri kuliko ya wapima. Alfajiri nikakichomeka pale pale kilipokuwa cha kwanza. Nikasimama nikakitazama. Nikajisikia mhandisi.

Jirani wa mlango wa tatu akaniuliza mbona kigingi kilichotoweka kimerudi. Nilipaswa kusema sijui. Lakini nimefundishwa tangu utoto kwamba mtu akiuliza jambo la elimu, mweleze. Nikamweleza. Mita kumi, awamu ya kwanza, mwenye kigingi mlangoni ndiye mwenye choo. Akanishukuru sana. Akasema nitafika mbali.

Adhuhuri alikuwa na kigingi chake. Mwiko wa ugali, umegeuzwa juu chini.

Alasiri kila mlango una kigingi. Nimeona mchi. Nimeona mguu wa kiti, na kiti chenyewe kimeegemezwa ukutani na miguu mitatu. Nimeona ubao wa kitanda. Vimepakwa hina, rangi ya midomo, rangi ya chakula, na kimoja nina hakika ni nyanya ya kopo. Nyumba moja ina viwili kwa sababu ina wake wawili. Kichochoro kinafanana na shamba la mihogo lililopata surua.

Kisha mvua ikaja kubwa. Rangi zote zikachuruzika isipokuwa yangu. Kichochoro kizima kikatiririka maji ya waridi, watoto wakayacheza mpaka wakaitwa ndani.

Kesho mkutano. Kesho anakuja Mhandisi Hope.

Jumapili, 11 Mei

Nina mengi. Nitaandika kwa utaratibu.

Mhandisi Hope amefika, akasimama mwanzo wa kichochoro na kile chombo cha miguu mitatu begani. Akatazama vigingi. Akakiweka chombo chini taratibu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika bega la Mzee Fakihi asianguke, na Mzee Fakihi hakuwa msaada maana naye alikuwa anatikisika.

Watu wakakaa mbele ya ofisi ya mtaa. Nikaitwa kusoma. Sauti, nashukuru, ilitoka. Nikasoma majitaka, nikasoma mfuniko, nikafika mteremko. Mteremko ni kiasi cha kuinama kwa bomba, ili majitaka yajiendee yenyewe bila kusukumwa. Mhandisi Hope akanisimamisha hapo. Akauliza watu, jana mvua iliponyesha, maji yale ya rangi ya waridi yalielekea wapi? Wote wakaonyesha kwetu. Akasema basi chemba itakaa huko, kwa sababu majitaka hayapandi kilima kumfuata mtu mwenye mwiko.

Halafu akasema kigingi ni ukumbusho tu, vipimo halisi viko kwenye ramani yake. Hata vikihamishwa hadi Kimara, bomba litapita pale pale.

Kwa hiyo sikuwa nimeharibu kitu! Nilitaka kumkumbatia. Lakini akaendelea. Akasema yupo aliyeanza mchezo huu, kwa alivyoambiwa kigingi cha kwanza kilihama Jumatano kabla ya vyote, na yeye hawezi kuanza kuchimba kwenye mtaa ambao alama zake zinatembea. Anataka kumjua mtu huyo, la sivyo wanahamia mtaa wa pili kwanza.

Watu wakatazamana. Mzee Fakihi akanitazama mie, akatazama chini, kisha akasimama. Akasema yeye Jumatano alimwona mtu mwenye buibui la Bibi Tabu akipita na bakuli, na ndani ya bakuli kulikuwa na kitu kama kijiti.

Watu wote wakamgeukia Bibi.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Hakikutoka kitu. Bibi alinitazama mara moja tu. Akalitazama pindo la buibui lake, lenye tope jekundu la pale kwenye ngazi ya duka, ambako yeye hapiti. Kisha akashika magoti, akainuka.

"Ni mie," akasema. "Mniwie radhi."

Mhandisi Hope akamwamkia, akamuuliza kwa upole kwa nini akiondoe mlangoni kwake kigingi kinachompa choo.

Bibi hakukwama hata kidogo. Akasema yeye hakusoma, alidhani kigingi kinakaa choo kilipo, na choo kiko kwa Gulbahar. Watu wakacheka. Akangoja wamalize.

"Nimechoka kuomba chumvi nisiyoihitaji," akasema.

Hapo hakuna aliyecheka. Hata watoto. Bibi akabaki amesimama, ushungi ameushika kwa mikono miwili, na mie nikatamani shimo lolote, lenye mfuniko au lisilo nao.

Bibi Gulbahar akasimama upande wa pili. Naye magoti yake mabovu, ilichukua muda.

"Tabu, mie nilijua tangu masika ya kwanza kwamba si chumvi," akasema. "Kwani mwanadamu gani anakula chumvi ile? Ndiyo maana nilikuwa nakutilia kidogo kidogo, ili kesho usikose sababu ya kuja."

Bibi akasema alikuwa akishangaa jinsi mwenzake alivyo mchoyo. Wakaanza kucheka wale wawili, wakashikana mikono juu ya vichwa vya watu waliokaa, na mkutano wote ukacheka nao. Mhandisi Hope alijifuta macho kwa kofia ngumu, jambo ambalo haliwezekani vizuri. Akasema kazi inaanza wiki ijayo, na inaanzia mlangoni kwa Bibi Tabu.

Duaa naye akasoma. Majitaka yakifika mtamboni yanatuama, tope linabaki chini, bakteria wanakula uchafu, na maji ya mwisho yanamwagilia migomba. Mtu akauliza ndizi hizo zitauzwa soko gani. Vurugu kubwa. Duaa akajibu kila mtu bila kupandisha sauti. Nilipiga makofi, lakini kwa vidole tu.

Baadaye Mzee Fakihi akaniita pembeni. Akasema tangu amjue Bibi Tabu hajawahi kumwona na soksi nyeupe za shule ndani ya kandambili. Akasema alinipa shikamoo makusudi aone kama nitathubutu kuipokea. Nikathubutu. Sasa anaidai irudi.

Nimempa hapo hapo. Akasema bado riba.

Nyumbani Bibi hakunigombeza. Alinipa buibui na ndoo, akasema tope halitoki mara moja, nisuuze mpaka maji yawe meupe. Nilisuuza mpaka giza lilipoingia. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nilitaka kusema. Akasema anajua, aliona mdomo ulivyokuwa wazi, alihofia nzi.

Nimejifunza. Kuanzia leo mie ni mtu mwingine kabisa.

Jumamosi, 28 Juni

Choo kimeanza kutumika!

Bomba lilipita, chemba imejengwa, mfuniko unabana kweli, hakuna harufu. Bibi anatandika mkeka juu yake, anasema ni sehemu yenye ubaridi kuliko zote kichochoroni. Hakuna aliyeniita Malkia wa Chemba. Wanamwita Bibi, naye anaitika.

Siku ya kwanza aliingia, tukasikia komeo. Chai ikapoa. Mama akaniambia nigonge nione kama ni salama. Nikagonga. Bibi akasema yuko salama, anatazama pazia.

Lakini mchana huu amevaa buibui, amechukua bakuli, ametoka. Nikamuuliza anakwenda wapi na choo kipo ndani. Bakuli lilikuwa limejaa. Akasema anarudisha chumvi ya Gulbahar, kidogo kidogo. Kwa hesabu yake itachukua miaka. Alipotoka alikuwa na haraka kama msichana.

Mzee Mohamedraza bado ana huzuni ya kigingi chake. Ameomba ule mwiko wa jirani, ameuchomeka kwenye chungu cha maua mlangoni pa duka. Mzee Fakihi nampa shikamoo mbili kila nikipita, yake na ya riba.

Kesho ni ufunguzi wa mtambo bondeni. Mhandisi Hope atakuja na wageni. Utepe utakatwa. Mwanafunzi mmoja atabeba sinia lenye mkasi, mbele kabisa, apigwe picha na mgeni rasmi. Mwalimu Revelian amemteua Duaa. Mie nitakaa safu ya nne, nyuma ya mtu mwenye kofia.

Nimempongeza Duaa. Nimempongeza kwa dhati, nikamshika mkono.

Mkasi uko ofisi ya mtaa, juu ya meza, dirisha halifungi vizuri. Nimepita kuutazama. Sina nia mbaya. Ninawaza tu kwamba kama mkasi ungekosekana kesho wakati wa kukata, watu wakahangaika, kisha akatokea mtu mtulivu kutoka safu ya nne akiwa nao mkononi, mtu huyo bila shaka angepigwa picha.

Buibui la Bibi litarudi jioni. Bakuli pia, na mkasi unaenea ndani yake, nimekadiria kwa kiganja.

Safari hii nitavua soksi.